Mbwa waliookolewa na watoto wenye mahitaji maalumu: je, jambo hili lina nafasi Unguja na Pemba?

#1 BintiMkoani

Assalaam alaykum nyote.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Unguja, ingawa kwetu ni Mkoani. Darasani kwangu wamo watoto wenye usonji, wenye kigugumizi kikali, na wengine ambao tangu waandikishwe hawajatamka neno mbele ya mwalimu. Hivi karibuni nimeletewa pendekezo na jamaa wanaotunza mbwa waliookotwa njiani, ambao wamewahasi na kuwachanja. Wapo tayari kuja na mbwa mmoja mpole mara moja kwa wiki akae na watoto, kama inavyofanyika Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Mwalimu mkuu hakukubali wala hakukataa. Ameniambia nimpelekee hoja zenye uzito.

Ninachotaka kujua kwanza ni hiki: mtoto aliyewafungia mdomo watu wote akaufungua mbele ya mbwa, hasa kimemfungua nini? Dai langu ni kwamba mbwa hamhukumu. Hamsahihishi matamshi, hamharakishi, wala hamcheki anapokwama kwenye herufi. Swali la pili ni kama mbwa aliyepigwa mawe barabarani anaweza kuaminiwa karibu na watoto wetu, ambao wengi wao wakimwona mbwa hutimua mbio. Tafadhali nisaidieni kwa hoja, maana watoto hawa nawapenda na sitaki kuwafanyia jaribio lisilo na msingi.

#2 Mtambwe

Waalaykum salaam, mwalimu. Sipingi kumhurumia mnyama, lakini umeliruka jambo la mwanzo. Watoto hao wakitoka skuli wanakwenda chuoni kusoma Kurani, na mtoto aliyelambwa mkono au kanzu na mbwa ana kazi ya kujitwaharisha mara saba, moja kwa udongo, kabla hajashika msahafu. Nani atawasimamia watoto wa darasa zima kwa kazi hiyo? Isitoshe, nijuavyo mimi, mbwa wanaosaidia watu ni wale wa kuwaongoza wasioona, nao huzalishwa na kufunzwa kwa makusudi. Hawaokotwi jaani.

#3 MgangaWaMifugo

Ndugu Mtambwe, hapo umechanganya makundi mawili. Mbwa anayemwongoza asiyeona ana mtu mmoja anayemtumikia, na mafunzo yake ni ya kazi maalumu. Skuli za kuwafunza zilianza Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mbwa anayezungumziwa na mwalimu ni mbwa wa faraja. Huyu huja na mlezi wake, hukaa kwa utulivu mbele ya watu asiowajua, kisha hurudi kwao. Kwake yeye tabia ndiyo inayotazamwa, si nasaba, na kwa hiyo mbwa wa kuokotwa naye anaweza kufaa. Smoky, mbwa mdogo aliyeokotwa ndani ya handaki huko New Guinea mwaka 1944, aliishia kupitishwa kwenye vitanda vya askari majeruhi pamoja na Bill Wynne, askari wa Marekani aliyemchukua, na anatajwa mara nyingi miongoni mwa mbwa wa mwanzo kabisa wa kazi hii.

Kuhusu kilichomfungua mtoto mdomo, mimi natazama mwili. Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakiongozwa na Miho Nagasawa walichapisha katika jarida la Science kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili. Hiyo ni homoni ile ile inayofanya kazi mama anaponyonyesha. Mwili ukitulia, ulimi nao hulegea.

#4 Tunguu_Saikolojia

Daktari, utafiti huo naujua, lakini usitumike kupita mipaka yake. Uliopimwa ni uhusiano wa mbwa na mtu aliyemlea. Mtoto anayekutana na mbwa mgeni mara moja kwa wiki ni habari nyingine.

Utafiti unaomgusa mwalimu zaidi ni wa Erika Friedmann na wenzake, uliochapishwa mwaka 1983. Watoto walipimwa shinikizo la damu wakiwa wamepumzika na wakiwa wanasoma kwa sauti, mbwa akiwemo chumbani na asipokuwemo. Shinikizo lilikuwa chini zaidi mbwa alipokuwemo, katika hali zote mbili. Hawakupewa kazi ya kumkumbatia; uwepo wake tu ndio uliolinganishwa. Ninalisema hili kwa sababu mazungumzo yetu yameshakwenda kwenye kugusana na kulambana, kana kwamba bila hayo hakuna faida yoyote.

#5 Shangani

Kwa upande wa historia, Smoky alikuwa faraja ya askari. Kwa watoto, jina la kutajwa ni Boris Levinson, mwanasaikolojia wa New York, ambaye mwaka 1962 aliandika makala akimwita mbwa mtabibu mwenza. Mbwa wake aliitwa Jingles. Siku moja mama mmoja aliwahi miadi na mwanawe, mtoto aliyejitenga na watu na ambaye matibabu ya awali hayakumsaidia. Jingles alikuwa bado yumo chumbani. Mbwa akamwendea mtoto, na mtoto badala ya kuogopa akamkumbatia. Levinson alipowasilisha habari hiyo mbele ya wenzake, wapo waliomcheka na kumuuliza kama mbwa naye anagawiwa ada ya tiba.

Hata Levinson hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi kilichotoka mwaka 1859, alishaandika kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mwema wa mgonjwa, hasa mgonjwa wa muda mrefu.

Ila naomba tusimame kwa Levinson kidogo. Yeye mwenyewe hakusema kwamba Jingles alimponya mtoto. Mtoto kwanza alicheza na mbwa, kisha akamkubalia mganga ajiunge na mchezo, kisha ndipo mazungumzo yakaanza. Mbwa alimfikisha mtoto kwa mganga, na huko ndiko tiba ilikokuwa. Pale penye mbwa bila mtu mzima mwenye ujuzi, mimi siamini kwamba mengi yatatokea.

#6 Maalim_Chwaka

Mwalimu, Mwenyezi Mungu akulipe kwa kuuliza kabla ya kutenda. Aliyoyasema Mtambwe yana asili sahihi. Hadithi ya kuosha chombo kilicholambwa na mbwa mara saba, ya kwanza kwa udongo, imepokewa katika Sahih Muslim, na sisi wafuasi wa Imamu Shafi tunamhesabu mbwa kuwa najisi nzito. Lakini kanuni ya fiqhi ni kwamba najisi huhamia kwa unyevu. Kikavu kikigusa kikavu, hakuna cha kuosha. Mtoto mwenye mkono mkavu akigusa mgongo mkavu wa mbwa hana saba wala moja. Mate, pua iliyoloa, na mbwa aliyenyeshewa, hapo ndipo penye hukumu.

Wapo pia waliotazama tofauti nasi. Wafuasi wa Imamu Malik wanasema mbwa aliye hai ni twahara na kuosha huko ni ibada, na wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wanaona najisi ni mate yake, si mwili wake. Siyataji haya ili watu wahame madhehebu kwa ajili ya mbwa wa skuli. Nayataja kwa sababu mtoto asiambiwe kwamba Uislamu wote unamwona kiumbe huyu kuwa ni uchafu unaotembea. Ufugaji wa mbwa usio na haja umekatazwa, lakini wa mawindo, wa mifugo na wa shamba umevuliwa kwa hadithi, na Imamu Nawawi aliona ni sahihi zaidi kuruhusu wa ulinzi wa nyumba kwa kuupima na hao. Kama haja ya tiba inaingia humo, hilo ni swali la Ofisi ya Mufti. Mimi si wa kulitolea fatwa hapa.

Na mtu yule aliyeteremka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake, akakishika kwa meno akapanda nacho ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, ni mwalimu wetu sote. Huenda jibu la swali lako la mwanzo limo humo. Mtoto ambaye kila siku yeye ndiye anayelishwa, anayevishwa na kushikwa mkono, siku hiyo yeye ndiye anayempa mwingine maji. Hilo peke yake linaweza kumfungua mtu kifua.

#7 Mtambwe

Maalim, nimekuelewa kuhusu kikavu na kikavu, nashukuru. Lakini mbwa hakusoma fiqhi. Nani atamwambia asilambe?

#8 MgangaWaMifugo

Mlezi wake atamwambia, ndugu yangu. Mbwa aliyefunzwa kulala chini na kubaki hapo hubaki, na mlezi huishika kamba fupi muda wote. Mtoto anaweza kumsugua mgongoni kwa brashi yenye mpini mrefu bila kukaribia kinywa. Ulambaji unazuilika, kuna jumuiya za nje zisizotaka mbwa anayelamba watu ovyo, kwa sababu za usafi tu, bila habari ya dini.

#9 Mzanzibari_Leeds

Naomba nitoe ushuhuda wa upande wa mzazi. Binti yangu alilazwa muda mrefu kwa maradhi ya figo katika hospitali ya watoto huku Uingereza. Huku mbwa wa hiari wanaotembelea wagonjwa ni jambo la kawaida. Jumuiya ya Pets As Therapy ipo tangu mwaka 1983. Mbwa aliyekuja wodini kwetu alikuwa wa kuokolewa, sikio moja limechanika na halisimami. Mlezi wake alitandika shuka safi juu ya kitanda, akamweka mbwa juu yake, akaniuliza mimi kabla ya kumuuliza binti.

Nilikuwa na wasiwasi wa udhu na nikasema wazi. Yule mama akamgeuza mbwa, mkia ukawa upande wetu na kichwa upande wake, na hakuna aliyelambwa. Binti yangu alimtazama, akamgusa mara moja kwa kidole, akarudi kwenye katuni zake. Aliyelia siku ile nilikuwa mimi. Nilikuwa sijaketi chini nikazungumza na mtu habari isiyokuwa dawa na mashine kwa muda mrefu, na yule mama alikaa akanisikiliza, mbwa akiwa amelala katikati yetu. Baada ya hapo binti alilala bila kusumbua. Mpaka leo sijui kama alitulizwa na mbwa au alitulizwa na mama yake aliyetulia.

#10 Tunguu_Saikolojia

Dada wa Leeds, Mungu amzidishie afya binti yako. Ulilolisema lina mwangwi katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Amy McCullough, kwa watoto wenye saratani katika hospitali 5. Wapo watoto waliotembelewa na mbwa na wapo waliopata huduma ya kawaida tu. Wasiwasi wa watoto ulipungua kwa makundi yote mawili, bila ya kundi la mbwa kulipita jingine. Walioonyesha unafuu wa pekee ni wazazi wa upande wa mbwa, kwa msongo wao wa malezi.

Kwa hiyo nawaomba tuwe waangalifu na neno tiba. Tiba ya kuogelea na pomboo ilivuma sana kwa watoto wenye ulemavu, wazazi wakalipa fedha nyingi, hadi Lori Marino na Scott Lilienfeld walipozichambua tafiti zake na kuonyesha kwamba ushahidi ni dhaifu. Kitu kipya humchangamsha mtoto yeyote. Mlete kasa darasani leo, watoto watachangamka. Mlete kila wiki, tutajua kama kilichowachangamsha ni kasa au ni upya wake.

#11 Muuguzi_Wete

Mimi nahudumia waliong'atwa, nami siwezi kunyamaza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na takribani 4 kati ya 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, mgonjwa karibu hakika hufa. Nimewaona watoto wanaletwa wamepakwa mafuta na majani kwenye jeraha, saa nyingi baada ya kung'atwa, ilhali la kufanya ni kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kuja kituoni siku ile ile kwa ajili ya chanjo. Mtoto mwenye usonji huenda asiweze kusema kwamba amekwaruzwa. Kwetu Pemba ugonjwa huu upo, na kumzoesha mtoto kukumbatia mbwa wa skuli ni kumfundisha kukumbatia mbwa wa njiani.

#12 MgangaWaMifugo

Dada Muuguzi, hoja yako ya mwisho ni nzito kuliko zote zilizoandikwa hapa, na nitairudia. Kwanza nirekebishe hili la Pemba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofuatilia walioumwa pamoja na vinasaba vya virusi, ulionyesha kwamba kwa kampeni za kuchanja mbwa Pemba iliondokana na kichaa cha mbwa mwaka 2014. Mwaka 2016 virusi viliingia upya kisiwani, chanjo zikarudiwa kwa nguvu, na ugonjwa ukaondolewa tena. Kisiwa kina neema ya bahari, lakini bahari hiyo hiyo ina madau, na mbwa mmoja mwenye ugonjwa akiteremka bandarini bila kukaguliwa anaweza kuivuruga kazi ya miaka. Kiwango kinachopendekezwa cha kuuzuia ugonjwa ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100.

Kwa hiyo mbwa wa skuli lazima awe na kadi ya chanjo inayosomeka, awe amepewa dawa ya minyoo kwa ratiba, na asiwe na kupe wala upele. Asilishwe nyama mbichi. Jumuiya ya Pet Partners ya Marekani imewazuia tangu mwaka 2010 mbwa wanaolishwa hivyo, kwa kuhofia bakteria. Na katika somo la kwanza, kabla mbwa hajaletwa, watoto wafundishwe kusimama kama mti mbwa asiyejulikana anapowakaribia: mikono chini, macho pembeni, bila kukimbia. Ujuzi huo unamfaa mtoto wa Pemba hata kama mbwa wa faraja haji kamwe.

#13 Msasi_Kiwani

Nimesoma yote kwa makini. Mimi nimesaka nguruwe mwitu kwa mbwa tangu ujana, wale wanaotumalizia mihogo, kwa hivyo mbwa nawajua kwa kuishi nao. Kijukuu changu kimoja kina mtindio wa ubongo. Shingo haikai sawa, na mkono wa kulia hurukaruka bila yeye kupenda. Watu wazima wakija huzungumza na mama yake. Wenye adabu humsalimia yeye, kisha husahau kusubiri jibu, kwa sababu jibu lake linachukua muda kutoka.

Nina jike mmoja niliyemwokota pwani akiwa mdogo, ana upele mwili mzima na masikio yamejaa kupe. Hafai kwa msituni, mwoga wa kelele. Huyo humwendea mtoto kwa ubavu, si kwa mbele, na hulala umbali wa mkono wa mtu, kidevu kikiwa mchangani. Mkono wa mtoto ukiruka, mbwa hufumba macho tu, haondoki. Mtoto akianza kutoa sauti, sikio la mbwa hugeuka kabla kichwa hakijageuka. Kisha husubiri. Yule mtoto huchukua muda wote anaoutaka kuliita jina lake, na akishaliita, mkia hupiga mchanga.

Bwana Tunguu anasema ni upya. Hawa wako pamoja miaka, upya ulikwisha zamani. Mimi nasema mbwa anamsoma mtu kwa mabega na kwa pumzi, si kwa maneno, na mtoto asiye na maneno mengi anakuwa amefahamika. Sisi ndio tunaotaka kila kitu kisemwe.

#14 Tunguu_Saikolojia

Mzee wangu, shikamoo. Mfano wako siwezi kuushinda kwa jarida lolote, na sijaribu. Lakini jike wako ni wa nyumbani, anamjua mtoto kila siku. Huyo yuko karibu zaidi na utafiti wa Daktari kuliko na pendekezo la mwalimu.

#15 MamaJambiani

Mnazungumza kama kwamba watoto wenye usonji ni mtoto mmoja. Mwanangu ana usonji, na mbwa akibweka hata mbali ufukweni, huziba masikio na kujigonga kichwa ukutani. Mwalimu akimleta mbwa darasani kwa ajili ya mtoto mmoja, wangu atapoteza wiki nzima. Je, atatolewa nje ya darasa lake mwenyewe ili mbwa apate nafasi?

Kwetu kilichomsaidia ni mbuzi wa bibi yake. Mbuzi anatoka bandani saa zile zile, anapita njia ile ile, anakula kwa namna ile ile, na uso wake haubadiliki leo hivi na kesho vile. Watu wana nyuso zinazobadilika kila dakika, na mwanangu huchoka kuzifasiri. Mimi siamini kwamba ni huruma wala homoni. Naamini ni kule kujua kinachofuata. Alianza kusema neno "majani" kabla hajasema "mama", na sikuona uchungu, niliona mlango umefunguka.

#16 Mtambwe

Mama Jambiani umesema nililotaka kusema. Mbona tusitumie wanyama wasio na utata? Punda tunao, watulivu, na hakuna atakayeosha kanzu mara saba. Paka wamejaa Mji Mkongwe.

#17 Shangani

Nilijua Mtambwe atafika kwa punda tu, ila safari hii nipo naye. Uingereza, Elisabeth Svendsen aliyeanzisha makao ya punda mwaka 1969, baadaye alifungua huduma ya watoto wenye ulemavu kupanda punda. Punda ana joto, ana subira, na urefu wake unamfaa mtoto aliye kwenye kiti cha magurudumu. Tatizo ni kwamba punda wengi wetu wamechoka kwa mizigo ya mchanga na matofali, na mnyama aliyechoka hatupaswi kumpa kazi ya pili.

#18 MgangaWaMifugo

Punda naunga mkono, paka sivyo. Paka wa mitaani hakubali kuongozwa, na akikwaruza, jeraha lake ni dogo lakini huingia uchafu. Mbuzi wa Mama Jambiani ni fikra nzuri kwa skuli ya shamba.

Tofauti ya mbwa ni kwamba yeye humfuata mtu kwa macho na kuitika anapoelekezwa. Ndiyo maana ule mpango wa watoto kuwasomea mbwa ulioanzishwa Salt Lake City mwaka 1999 umeenea nchi nyingi. Mtoto anasoma ukurasa, mbwa amemwelekea, basi. Kwa mwenye kigugumizi huo ni msikilizaji ambaye hapatikani kwa urahisi.

#19 BintiMkoani

Nashukuru nyote. Mama Jambiani, hoja yako nimeichukua kwanza kabla ya nyingine: mbwa hataingia darasani. Kuna kibanda cha makuti nyuma ya ua wa skuli, na atakayekwenda ni mtoto mmoja mmoja kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa. Asiyetaka hatamwona wala hatamsikia, na mbwa anayebweka hatakubaliwa.

Bado sijaridhika kuhusu lile la pili. Mbwa aliyepigwa mawe, hata akiwa mpole leo, je, hatakumbuka siku mtoto atakapoinua mkono ghafla?

#20 Msasi_Kiwani

Atakumbuka. Wengine hukumbuka kwa kujikunyata, wengine kwa meno. Wa meno humjui mpaka umempa muda mrefu. Usikubali mbwa ambaye aliyemleta hajaishi naye nyumbani.

#21 MgangaWaMifugo

Mzee Msasi amesema kanuni ileile waliyoiweka Pet Partners: mbwa awe ametimiza mwaka 1, na awe ameishi na mlezi wake si chini ya miezi 6. Sababu yake inajulikana. John Paul Scott na John Fuller, katika kazi yao iliyotoka mwaka 1965, walionyesha kwamba mbwa hujifunza kuwazoea viumbe wengine hasa kati ya wiki ya 3 na ya 12 ya maisha yake. Mbwa wa mtaani aliyepitisha wiki hizo karibu na watu, watoto, baiskeli na adhana anaweza kuwa amezoea mengi kuliko mbwa wa gharama aliyefungiwa uani. Aliyepitisha wiki hizo porini au kwenye kipigo, mara nyingi haitoshi kumpenda tu. Mwacheni aishi kwa amani, asipewe kazi.

Kabla ya kumkubali, mjaribuni bila watoto. Angusheni sinia nyuma yake: kushtuka si kosa, kinachotazamwa ni kama anarudi katika utulivu haraka. Apite mtu mwenye magongo, apite mwenye buibui linalopepea, mtu mzima amshike mkia na sikio kwa namna ya mtoto asiyejua nguvu zake. Na siku ya kazi mlezi amtazame mbwa kuliko anavyomtazama mtoto. Akipiga miayo bila usingizi, akilamba midomo bila chakula, akigeuza uso au kuficha mkia, kikao kimekwisha hapo hapo, hata kama mtoto analia abaki. Mbwa naye ana haki ya kuondoka, na awekewe njia iliyo wazi ya kutokea.

#22 Muuguzi_Wete

Hayo yakifanyika nitapunguza pingamizi langu, sitaliondoa. Naomba pia pawepo sabuni na maji ya bomba pale pale kibandani, na daftari la kila kikao lenye saini ya mtu mzima, ili mtoto asiyesema asiwe na mkwaruzo usio na maelezo.

#23 Tunguu_Saikolojia

Katika daftari hilo mwalimu aandike pia siku ambazo mbwa hakuja, lakini mtoto alikwenda kibandani na mlezi yule yule kwa muda ule ule. Kama atasema maneno yale yale, basi Shangani na dada wa Leeds wako sahihi, kwamba ni mtu. Kama hatasema, Mzee Msasi atakuwa na la kutuambia.

#24 Msasi_Kiwani

Mwanangu, nitakuwa nalo hata akisema.

#25 Maalim_Chwaka

Jambo moja la matendo, mwalimu. Usianze wakati wa masika. Mbwa aliyeloa, sakafu iliyoloa na mikono ya watoto iliyoloa, hukumu ya kikavu na kikavu inaondoka, na Mtambwe atakuwa mbele ya lango la skuli na ndoo ya udongo. Anza kipupwe, mbwa akiwa amekaushwa na jua, na vikao viwe asubuhi, ili mtoto apate muda wa kurudi nyumbani na kubadilisha nguo kabla ya chuo. Barua ya Ofisi ya Mufti nitakusaidia kuiandika. Niletee maelezo ya Daktari kuhusu brashi na kamba, maana wataniuliza hayo kwanza.

#26 Mtambwe

Ndoo nitaileta, Maalim, na udongo nitauchekecha mwenyewe. Mwalimu, ukishapata jibu la Ofisi ya Mufti, liweke hapa tulisome, likubali likatae.